Doa la Bukuru

Kila asubuhi, kabla chai haijapoa, Bi Mwanvua alimwuliza bintiye swali lile lile, na bintiye akamjibu uongo ule ule.

"Butoyi iko wapi?"

"Ameenda Kigoma, mama. Ameenda kutafuta vitenge."

"Atarudi siku gani?"

"Karibu atarudi. Kunywa chai."

Butoyi hakuwa na siku ya kurudi. Alikuwa amezikwa Kigoma miaka kadhaa nyuma, katika safari ya biashara kama zile nyingine zote. Alipanda boti la mizigo bandarini, akafika salama, akala chakula chake cha jioni, na presha ikamwangusha mlangoni pa nyumba ya wageni. Waislamu hatumlazi maiti. Simu ilipomfikia shemeji yake Ilyasi, pale gereji kwake Buyenzi, watu wa Kigoma walikwisha kumwosha, kumswalia na kumfukia. Bi Mwanvua hakuuona mwili wala hakuigusa sanda. Na maradhi ya usahaulifu yalipoanza kumla kichwa, kifo hicho kilichoingia kwa masikio tu ndicho kilichotoka kwanza.

Mwanzoni walimwambia ukweli. Kila alipouliza walimwambia, na kila walipomwambia alilia kama ndiyo kwanza anasikia, kwa sababu kichwani mwake ndiyo kwanza alikuwa anasikia. Siku moja alitoka mbio hadi barabarani kichwa wazi, mwanamke ambaye hata muuza maziwa hakuwahi kuujua unywele wake. Majirani walimrudisha wamemfunika kanga. Jioni ile Ilyasi alimwita mkewe pembeni.

"Mama Khaled, huyu mama muzee tunamuua kila siku. Tumuachie Butoyi wake Kigoma."

Ndivyo uongo ulivyoingia nyumbani, na wa kuusema alikuwa huyo mkewe, Bukuru. Nani mwingine? Burundi mapacha hawachaguliwi majina, wanazaliwa nayo. Wa kwanza kutoka ni Bukuru, wa pili ni Butoyi, awe mtoto wa mchungaji au wa imamu. Hao wawili wa Bi Mwanvua walikuwa na majina yao ya Kiislamu vilevile, lakini hakuna aliyeyatumia. Walikuwa sura moja, sauti moja, hata kukohoa kumoja. Kilichowatenganisha ni doa jeusi upande wa kushoto wa kidevu cha Bukuru, chini kidogo ya mdomo, limetuna kama dengu. Wenye Kifaransa chao huliita punje ya urembo. Bi Mwanvua aliliita rehema, na alikuwa na sababu.

Walipokuwa wachanga, usiku mmoja alimnyonyesha mmoja mara mbili akidhani ni wawili, na mwingine akalia kwa njaa hadi sauti ikakauka. Tangu siku hiyo hakumpa mtoto titi kabla hajapitisha kidole kidevuni. Akikuta doa, huyu Bukuru. Akikuta laini, Butoyi. Mabinti walikua, wakaolewa, wakazaa, na kidole bado kinapita. Salamu ya nyumba ile ilikuwa kidole kwanza, maneno baadaye. Na sasa mtoto wa jicho alipomfanya aone watu kama kivuli nyuma ya pazia, kidole ndicho kilichobaki kufanya kazi ya macho.

Nitalisema wazi jambo ambalo Bukuru hakulisema kwa mtu: lilikuwa likimuuma. Alimwogesha mama yake, akamsuka, akamkata kucha, akampondea ndagala, wale dagaa wa ziwani, hadi ziwe unga ili zisimkwame. Alifunga meza yake ya viungo sokoni ili asimwache na mtu baki. Na mwisho wa yote hayo, anaulizwa Butoyi. Siku haikupita bila Butoyi. Asiyekuwepo na lake halipo, husema wahenga. Nyumbani kwa Bi Mwanvua asiyekuwepo ndiye aliyekuwa na lake lote.

Neno la ahsante ya kweli hakuwahi kulipata. Si kwamba mama yake alikuwa mkavu. Katika nyumba ile mtoto hasifiwi mbele ya uso wake. Ukimsifu mwanao akisikia, umemtangaza kwa wenye kijicho. Ukitaka kumsifu, ngoja atoke. Bukuru aliijua desturi hiyo, na aliwalea kwayo wanawe mwenyewe, Khaled na Amira. Lakini kujua desturi ni jambo moja, na moyo wa mtu mzima unaotaka kuambiwa umefanya vyema ni jambo lingine. Alikwisha kuamua kimoyomoyo kwamba mama yake alimpenda yule mwingine zaidi. Alikuwa ameliamua bila hasira, kama mtu anavyokubali kwamba mguu wake mmoja ni mfupi.

Kisha Bi Mwanvua akaanza kukataa chakula. Daktari wa mtaa akamsikiliza kifua, akatoka nje na Ilyasi, akamwambia moyo umechoka na wasitegemee masika mengine. Bukuru alisikia akiwa nyuma ya mlango.

"Nitakula Butoyi akikuja," mama yake alisema jioni hiyo, akaufunga mdomo mbele ya kijiko.

Hapo ndipo Bukuru alipolipata wazo lake. Kama mama anamtaka Butoyi kabla hajafa, basi apewe. Sura ipo, sauti ipo, na vitenge vya marehemu vipo sandukuni vimekunjwa. Kilichozidi ni kimoja tu. Alijaribu kwanza kwa poda na plasta yenye rangi ya ngozi, akajifunga mtandio kwa namna ya Butoyi, akaingia akisalimia kwa kicheko. Kidole kikapita juu ya plasta, kikasimama, kikaikwangua.

"Bukuru, unacheza na mi?" mama yake akasema kwa uchovu. "Butoyi iko wapi?"

Doa lilikuwa lazima liondoke.

Petroli ilikuwa haionekani mjini wiki hiyo, na teksi zilikuwa zimelala kwenye foleni, kwa hiyo alikwenda kwa daktari wa ngozi, mtaa wa Kigobe, kwa miguu. Alimwambia Ilyasi kwamba anakwenda kuangaliwa ngozi. Haikuwa uongo, lakini haikuwa ukweli wote, na kwa kuwa nyumba yao ilikwisha kuzoea uongo mmoja, wa pili uliingia bila hodi.

Daktari wa ngozi aliitwa Joëlla, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kifuani na mdomo usio na breki. Alimkalisha Bukuru kitini, akaliangalia doa kwa kioo chenye taa, akalibonyeza, akalivuta.

"Liliwahi kukua? Kutoka damu? Kuwasha?"

"Apana, docteur. Liko hivyo tangu utoto."

"Basi ni grain de beauté ya kawaida. Si ugonjwa. Nani anataka itoke?"

"Mimi mwenyewe."

"Wanawake wa umri wetu awakuji hapa peke yao. Kama ni bwana yako, mulete kwanza nimuangalie kitambi, ndiyo tuongee juu ya kidevu yako."

Bukuru alicheka, na kucheka kulimsaidia asijibu. Daktari akaacha utani. Akamweleza kwamba ngozi nyeusi ina kiburi, ukiichoma inaweza kulipiza kwa kuotesha kovu nene kuliko doa lenyewe; kwamba atamkata kile kichwa cha juu cha doa kwanza na kukituma maabara, kwa sababu ndiyo kanuni yake hata kwa doa lisilo na shaka; kwamba shina ataliunguza kwa mashine. Akamtazama machoni.

"Mama, nisikilize. Kama uko na mashaka, rudi nyumbani ufikirie. Nikichoma, airudi tena."

"Choma, docteur."

Alimdunga sindano ya ganzi kidevuni. Akamwekea bamba baridi chini ya mgongo, lenye waya uliokwenda hadi kwenye kisanduku cheupe kama redio ya zamani. Kutoka kwenye kisanduku ulitoka waya mwingine, na mwisho wake kulikuwa na kitu kama kalamu, chenye kitanzi chembamba cha chuma pale ambapo kalamu ina nibu. Daktari alikanyaga pedeli. Kisanduku kikalia mlio mwembamba. Bukuru hakusikia maumivu; alisikia joto kwa mbali, kama la mtu aliyesimama karibu na jiko la jirani, na muuguzi akawa anafyonza moshi kwa bomba. Harufu ndiyo iliyompata. Ilikuwa harufu ya kichwa cha mbuzi wa Idi kinapobabuliwa manyoya uani, na ilikuwa inatoka kwake.

Umeme ulikatika katikati ya kazi. Mlio ukanyamaza, feni ikazunguka kidogo ikachoka. Walingoja gizagiza, daktari ameinua kalamu yake hewani, hadi jenereta ikaguruma nyuma ya ukuta. Katika ule ungojaji Bukuru angeweza kusema basi, acha, nusu inatosha. Alifikiria mdomo wa mama yake uliofungwa mbele ya kijiko, akakiinua kidevu chake.

Baadaye daktari alimwonyesha kichupa. Ndani ya maji kulikuwa na kitu kidogo kuliko pilipili manga. Bukuru alikitazama akashangaa kwamba ndicho hicho tu, kisha akaambiwa masharti: dawa ya kupaka asubuhi na jioni, asilibandue gaga, lile gamba la kidonda, asikae juani, aje baada ya wiki mbili.

Siku hizo za gaga asingeweza kumkaribia mama yake, kwa hiyo alimwachia Amira kazi. Yeye akajifungia chumba cha upande wa pili wa ua, akiponda ndagala na kuzituma, akisikiliza kupitia dirishani. Ilyasi alipoiona ile plasta na kuambiwa mpango wote, alikaa kitandani muda mrefu bila kuvua viatu.

"Ungeniuliza, Mama Khaled."

"Ungekubali?"

"Apana."

"Ndiyo maana sikukuuliza."

Hakugomba zaidi. Maji yakimwagika hayazoleki, na Ilyasi alikuwa mtu wa gereji: kifaa kikishakatwa, hugombi na msumeno.

Amira kila akirudi na bakuli, bakuli lilikuwa karibu limejaa.

"Bibi anageuza kichwa. Anaangalia mulango tu," msichana alisema. "Anauliza iko wapi, iko wapi. Nikimuambia kula, anauliza tena."

"Atakula tu," Bukuru alijibu. Moyoni akasema, vumilia mama, Butoyi wako yuko njiani.

Gaga likadondoka lenyewe. Daktari Joëlla aliligusa kovu kwa ncha ya kidole, akafurahi kama fundi aliyepiga plasta ukuta ukatoka bila mkunjo. Ngozi ilikuwa laini, imefifia rangi kidogo. Hakuna kilichoota. "Ngozi yako ni ya heshima," alisema, na Bukuru akamshukuru Mungu njia nzima hadi Buyenzi.

Alasiri ya kesho yake alivaa kitenge cha marehemu cha rangi ya manjano, akajifunga mtandio kwa namna ya marehemu, akatoka kwa mlango wa nyuma na kuingia kwa lango la mbele akiwa amebeba furushi na galoni la mawese. Bi Mwanvua alikuwa amekaa kwenye mkeka, ameegemea ukuta, mwepesi kama nguo zilizoachwa.

"Asalaam aleikum. Mama, nimerudi."

Mkono wa mama yake uliinuka. Kidole kikagusa kidevu, kikapita kushoto, kikarudi, kikapita tena. Kilikuwa kikavu na kilinukia karafuu.

"Butoyi," alisema Bi Mwanvua. "Butoyi wangu."

Akamvuta, akamlaza kifuani kwake, akalia na kucheka kwa pamoja. Bukuru alilia vilevile. Alikuwa amesahau uzito wa mkono wa mama yake mgongoni, kwa kuwa mtu anayeogesha hakumbatiwi. Kwa kitambo hicho aliona kwamba hakukosea, na kama hadithi ingekubali kuishia hapo ningeiachia hapo. Bi Mwanvua aliomba uji, akaunywa wote, Amira akisimama mlangoni na mkono mdomoni.

Halafu mama yake akamkamata mkono, akauminya.

"Sasa nikuambie, kwa sababu dada yako aiko hapa. We uko na mwendo mwepesi, Butoyi. Ulifurahia boti, ukatuacha. Nani alinibeba? Bukuru. Ule mutoto ameniogesha kama mi ndiyo nilizaliwa jana. Amefunga meza yake ya soko. Sijamusikia hata siku moja akisema amechoka. Mi najifanya sioni, lakini naona."

Bukuru alilivuta furushi kwa mkono wa pili, akaliweka mapajani.

"Wewe nilikuwa nakuuliza kila siku kwa sababu ulikuwa unanitia wasiwasi," aliendelea Bi Mwanvua. "Bukuru sijawahi kumuuliza kwa mutu. Nimuulize kwa nini? Nikinyoosha mukono, iko. Watoto wote wa Buyenzi, awako kama ule. Usimuambie nimesema, watu wako na kijicho."

Ndivyo Bukuru alivyopata sifa aliyoingojea maisha yake yote, ikiwa na jina lake, ikitoka kwenye kinywa alichokitaka, na hakuruhusiwa kuipokea. Aliinamisha kichwa na kuyaacha machozi yaangukie kitenge cha marehemu. Mama yake alidhani ni machozi ya Butoyi ya aibu, akamridhia, akampapasa bega.

"Yaishe. Umerudi. Sasa muite dada yako niwaone pamoja. Siku mingi sijamushika. Ni huyu mutoto Amira ndiyo ananilisha, na ndiyo mara ya kwanza mi namuuliza Bukuru iko wapi, ananiambia kula."

Amira alimtazama mama yake. Bukuru naye akaelewa wakati ule ule kichwa kilikuwa kinageukia mlangoni kumngoja nani, na mabakuli yalirudi yamejaa kwa ajili ya nani.

"Ameenda sokoni," alisema.

"Basi tutamungoja."

Walimngoja. Magharibi ikapita, isha ikapita, na Bi Mwanvua hakukubali kulala. Asubuhi aliamka akiuliza, na safari hii maradhi yake, ambayo yalimnyang'anya kifo cha binti mmoja mara nyingi vile, hayakumnyang'anya kukosekana kwa huyu. Usinisumbue kwa kuniuliza kwa nini. Hata madaktari hawajui kichwa kama kile kinachagua vipi cha kutunza. Butoyi alikuwa amerudi, hilo alilishika. Bukuru hayupo, na hilo pia alilishika.

Bukuru alivua kitenge cha njano, akavaa gauni lake la kila siku lenye harufu ya bizari, akafunga mtandio wake mwenyewe, akaingia.

"Mama, ni mi. Bukuru."

Kidole kikaja. Kikapapasa laini.

"Butoyi, we ni mutu muzima. Wacha michezo ya utoto."

"Mama, nisikie. Doa nililitoa. Nilienda kwa docteur, akalichoma na mashine."

"Nani anaweza kuchoma alama ya Mungu?" Bi Mwanvua alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na ukali. "Bukuru yangu iko na akili."

Alirudi chumbani kwake, akachukua wanja, akachora mahali pale pale mbele ya kioo. Kwa macho doa lilikuwa limerudi, na Bukuru aliona uso wake akamlilia huyo aliyemwona. Akaingia tena, akakaa kimya, akangoja kidole. Kilipita juu ya wanja kama hakuna kitu, kikatoka na weusi. Bi Mwanvua alikisogeza karibu na macho yake mabovu, akakinusa.

"Unajipaka mutoto wangu?" aliuliza taratibu. "Unajipaka dada yako kama wanja?"

Baada ya hapo hakumgusa tena kidevuni.

Bukuru alikwenda Kigobe mara nyingine. Alimweleza daktari Joëlla kila kitu, akianzia Kigoma, na daktari, ambaye utani haukumwishia kwa wagonjwa, alivua miwani akaishika tu. Bukuru aliuliza kama kuna dawa ya kuotesha. Aliuliza kama kile kipande cha maabara kinaweza kushonwa. Mwisho akauliza kama anaweza kuchomwa tena, zaidi, ili ngozi ikasirike na kuotesha lile kovu nene aliloonywa.

"Mama Khaled," daktari alisema, "mashine yangu inajua kutoa. Aijui kurudisha. Na kukuumiza ili kovu iote, iyo siwezi."

Nyumbani alilikwangua mwenyewe kwa kucha hadi likatoka damu. Likapona. Ngozi yake ilikuwa ya heshima kweli, ikafunga laini kama mwanzo.

Walijaribu Kigoma. Ilyasi ndiye aliyeusema uongo huo safari hii, kwa sauti yake ya upole: mama, Bukuru ameenda Kigoma, zamu yake sasa, atarudi na vitenge. Bi Mwanvua alisikiliza hadi mwisho. Kisha akatikisa kichwa.

"Bukuru anaogopa maji. Tangu utoto, hata Ruziba kwa shangazi yao alikuwa anakaa mbali na ziwa. Na ata kama aogopi, awezi kuniacha bila kuniaga." Alinyamaza, mikono yake ikitafuta kitu juu ya mkeka. "Ilyasi, mukwe wangu, mi niko mugonjwa lakini si mujinga. Kama Bukuru akuji kwangu, Bukuru amekufa. Munanificha."

Wangesema nini? Kwamba yuko hai, ni huyu hapa? Walikwisha kusema. Bi Mwanvua alikichukua kimya chao kama jibu, na hakukimbilia barabarani wala hakupiga kelele. Alilia polepole, kwa utaratibu, kama mtu aliyepewa kazi anayoiweza. Aliomba kanga nyeupe ajifunike. Aliomba wanawake wa mtaa waje wamsomee Bukuru khitma, na Ilyasi alipomtazama mkewe, Bukuru aliinua kichwa akasema waitwe.

Walikuja Ijumaa, baada ya swala. Walikuwa wameambiwa mlangoni, kwa kunong'onezwa, na walijua wanamsomea aliye hai; wengine walikataa wakarudi makwao wakiomba msamaha, na siwalaumu. Waliobaki walikaa kwenye mikeka, wakasoma kwa sauti ya chini, na Bukuru alipita katikati yao akigawa kahawa kwa matanga yake mwenyewe. Wakongwe walimpokea kikombe bila kumtazama.

Usomaji ulipokwisha, Bi Mwanvua alitaka kuomba dua yeye. Aliinua mikono yake miwili myembamba. Kichwa kile kilichosahau siku, saa na nyuso hakikusahau hata neno moja la dua.

"Ya Rabi, Bukuru alinishika mukono mi sioni. Mushike wake. Alinilisha kabla ajakula. Mulishe. Sikumuambia neno nzuri, niliogopa macho ya watu. Muambie Wewe."

Akangoja. Hakusikia kitu upande wa kulia, alikokuja kukaa binti yake na sinia lake. Akageuza uso.

"Itikia, Butoyi," alisema. "Ni dada yako."

Bukuru aliweka chini sinia la vikombe, akainua mikono, akasema amin.